Saa Ngapi Embakasi, Saa Ngapi New York? Masafa na Muda wa Safari ya Ndege katika Kiswahili

Utangulizi

Mkaazi wa Donholm, Tassia au Kayole anapomsindikiza jamaa yake uwanjani, wazee waliobaki nyumbani huuliza maswali mawili: huko aendako ni mbali kiasi gani, na atafika saa ngapi? Kwa mtazamo wa juujuu haya ni maswali mepesi. La kwanza kwa hakika lina jibu moja linaloweza kupimwa kwa kilomita. La pili halina jibu moja. Lina majibu matatu, na kila moja ni sahihi mahali pake. Anayeyachanganya hupotosha, hata ikiwa kila tarakimu aliyoitaja ni ya kweli.

Upotoshaji huo si wa kinadharia tu. Katika mitaa ya Eastlands, ambako familia nyingi zina mtoto, ndugu au jirani aliyevuka bahari kwenda kusoma Marekani au kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, kosa la saa humfanya msafiri afike uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka. Tiketi iliyonunuliwa kwa mchango wa ukoo hupotea. Mgeni husubiri mlangoni ilhali wenyeji wake wangali wamelala. Aghalabu lawama huangushiwa Kiswahili: hudaiwa kwamba lugha hii, kwa kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, haifai katika mambo ya ndege. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dai hilo lina ukweli mdogo na kosa kubwa. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kutenganisha masafa, mwendo, muda na saa. Tatizo liko katika namna ambavyo msamiati huo hutumiwa, au huachwa, pindi tarakimu za tiketi zinapohamishwa kutoka Kiingereza.

Mfano utakaotumiwa ni safari ya moja kwa moja kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi na ule wa John F. Kennedy wa New York. Safari hiyo ilianzishwa na Shirika la Ndege la Kenya tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuipandisha Kenya katika daraja la kwanza la usalama mnamo Februari 2017. Katika miaka iliyotangulia, aliyetoka Nairobi kwenda Marekani kwa kawaida alilazimika kubadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba.

Si vibaya kukumbusha hapa kwamba historia ya ndege jijini Nairobi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya Eastlands yenyewe. Kabla ya Embakasi, ndege kubwa za abiria zilitua Eastleigh, katika uwanja ambao leo ni kambi ya jeshi la anga. Hapo ndipo alipotua Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza tarehe 1 Februari 1952, siku chache kabla ya babaye kufariki naye kuwa malkia. Alikuwa ameondoka London siku iliyotangulia, na ndege yake ililazimika kutua Libya njiani. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kuuchimba na kuusawazisha ilifanywa na mahabusu wa wakati wa vita vya Mau Mau. Jina la Jomo Kenyatta lilikuja mwaka 1978. Wanaoishi leo Fedha, Pipeline na Nyayo wanalala jirani na udongo huo.

Masafa: jibu lililo moja

Neno masafa limetoka Kiarabu, nalo hutaja urefu wa nafasi iliyo kati ya vitu viwili. Umbali ni nomino iliyozaliwa na mbali, na ina hisia ndani yake: mtu anaweza kuhisi umbali, lakini masafa hupimwa. Mwendo ni tendo la kwenda, na kwa muda mrefu Waswahili wameutumia kama kipimo: mwendo wa siku tatu, mwendo wa saa mbili. Katika masimulizi ya misafara ya bara, kama yale yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1901, msomaji anakutana na siku na vituo kuliko maili. Kipimo hicho hakikuwa cha kubahatisha. Kwa mchukuzi aliyebeba mzigo kichwani, siku ilikuwa kipimo cha kweli zaidi kuliko maili, kwa sababu maili ya mlimani na maili ya bondeni si mamoja kwa miguu yake.

Ndege imerejesha kipimo cha maili, au tuseme cha kilomita, kwa nguvu mpya. Kati ya Embakasi na uwanja wa Kennedy pana masafa ya takriban kilomita 11,840. Ili kuelewa idadi hii imepatikanaje, ni lazima msomaji aiweke kando ramani ya ukutani. Katika ramani ya darasani, mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York unapita Afrika Magharibi na kuingia baharini karibu na Mauritania. Lakini dunia ni tufe, na njia fupi juu ya tufe huonekana imepinda inapochorwa kwenye karatasi bapa. Chukua tufe la dunia, au hata mpira wa watoto uliochorwa mabara, kisha vuta uzi kwa nguvu kati ya miji hiyo miwili. Uzi hautapita Mauritania. Utaelekea kaskazini-magharibi, juu ya Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, utoke pwani ya Morocco, kisha uivuke Atlantiki ukipanda kidogo hadi karibu nyuzi 42 kaskazini kabla ya kuteremka New York. Njia ya uzi ni fupi kuliko ile ya ramani kwa kilomita zaidi ya 300.

Rubani hafuati uzi huo hatua kwa hatua. Hukwepa dhoruba, hukwepa anga zilizofungwa kwa sababu ya vita, na hutafuta upepo ulio bora. Hata hivyo, masafa ya viwanja viwili husemwa kwa uzi, si kwa njia iliyofuatwa siku fulani, na ndiyo maana jibu lake ni moja: kesho na mtondogoo litakuwa lile lile.

Kwa njia ya kulinganisha: London iko masafa ya kilomita 6,840 kutoka Nairobi, na Riyadh kilomita 3,100 hivi. Kutoka Kayole hadi milango ya uwanja, kwa mstari ulionyooka, hapafiki kilomita kumi. Idadi hii ya mwisho itakuwa na kazi baadaye.

Kwenda si sawa na kurudi

Ndege kubwa ya abiria iliyo angani hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Mwanafunzi anayejua kugawanya ataipata safari ya New York kuwa saa 13 na dakika chache. Lakini ratiba husema saa 15 hivi wakati wa kwenda na saa 14 hivi wakati wa kurudi. Je, saa mbili zimekwenda wapi, na kwa nini kurudi ni upesi kuliko kwenda?

Sehemu ya jibu iko ardhini. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, na mwendo wa polepole wa kutafuta njia ya kurukia umo ndani yake, pamoja na kupanda na kuteremka. Aidha, uwanja wa Embakasi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, mabawa hupata msaada mdogo, na ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15 huhitaji njia ndefu ya kukimbilia kabla ya kuinuka. Njia ya Embakasi ina zaidi ya kilomita 4. Usiku hewa hupoa na kuwa nzito, jambo linaloifaa ndege yenye mzigo mkubwa kama huo.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu ni upepo. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, huvuma pepo kali kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake inaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda New York hukabiliana nazo usoni inapovuka Atlantiki, ilhali inayorudi husukumwa mgongoni. Zina nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini kuliko wakati wa joto, kwa hiyo hata muda wa Januari si muda wa Julai.

Hapa ndipo msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kutabasamu. Kwa karne nyingi mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja wamejua kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili, si moja iliyopinduliwa. Jahazi lilipanda Maskati kwa kusi na kushuka kwa kaskazi. Aliyeuliza tu ni siku ngapi hadi Maskati, bila kutaja msimu, alijibiwa kwa swali. Neno rubani lenyewe lilitoka katika bahari hiyo: lilimtaja mwelekezi wa chombo, mjuzi wa miamba na mikondo, kabla ya kupandishwa angani. Sarufi nayo ilishiriki katika mabadiliko hayo. Ndege wa mtini ametua. Ndege ya Embakasi imetua. Upatanisho wa kisarufi ulitenganisha kiumbe na chombo bila kamati yoyote ya istilahi kuketi.

Kwa hiyo jibu la kwanza kati ya yale matatu ni muda wa hewani, unaobadilika kwa mwelekeo na msimu. La pili ni muda wa safari nzima, na hili ndilo husahauliwa na wanaonakili tarakimu za ratiba. Msafiri wa Kayole hatoki nyumbani dakika ndege inapoondoka. Hutakiwa afike uwanjani saa tatu kabla. Zile kilomita zisizofika kumi hupitia barabara ya Outer Ring, au huzungukia barabara ya pete ya mashariki, na jioni msongamano wa magari unaweza kuzifanya kuwa kama safari ya Nakuru. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 imewafaa wa Westlands kuliko wa Kayole, kwa kuwa inafuata Barabara ya Mombasa na haigusi mitaa ya ndani ya Eastlands. Ongeza foleni ya uhamiaji na mizigo New York. Muda wa hewani wa saa 15 unakuwa muda wa safari wa saa 20 na ushei. Mzee anapouliza mtoto atachukua muda gani, anataka kujua huu wa pili: kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba.

Saa ya Kiswahili ndani ya ndege

Jibu la tatu ndilo gumu. Linahusu saa itakayosomeka ukutani msafiri anapofika.

Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa kumi na mbili jioni ni ya mwisho. Mfumo huu si wa Waswahili pekee. Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo, kiasi kwamba msafiri anayebadilisha ndege Addis Ababa atasikia wenyeji wakitaja saa kama nyumbani ingawa ubao wa uwanja unasema vingine. Mfumo huu unafaa sana palipo karibu na Ikweta. Nairobi, jua huchomoza kati ya dakika kumi na dakika arobaini na ushei baada ya saa kumi na mbili asubuhi, mwaka mzima. Mtu anaweza kuchungulia dirishani na kukadiria saa bila kukosea sana.

New York hali ni nyingine. Mwezi wa Januari jua huchomoza huko saa moja na dakika ishirini hivi asubuhi; mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na mbili kwa zaidi ya nusu saa, na halizami hadi saa mbili na nusu usiku. Huko maneno asubuhi, jioni na usiku hayaambatani tena na namba zake kama yanavyoambatana Buruburu. Huu ndio ule ukweli mdogo uliomo katika dai la wanaoilaumu lugha.

Tuchukue safari ya Januari. Ndege iondoke Embakasi saa tano na nusu usiku. Baada ya saa 15, Nairobi ni saa nane na nusu mchana. Tofauti ya saa kati ya miji hiyo wakati wa baridi ni saa 8, kwa hiyo New York ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msafiri anatua gizani. Jua lilimzamia Nairobi kabla ya saa moja jioni, naye hataliona tena hadi saa moja na dakika ishirini ya New York, ambayo Nairobi ni saa tisa na dakika ishirini alasiri. Ameishi usiku mmoja unaozidi saa 20. Kwa mama yake aliyeko Umoja, usiku ulikwisha zamani, chai imenywewa, chakula cha mchana kimeliwa, na bado simu ya mwanawe inasema ni alfajiri.

Tofauti hii hutokana na mashariki na magharibi, si na urefu wa safari. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Nairobi iko karibu nyuzi 37 mashariki na New York karibu nyuzi 74 magharibi. Ukijumlisha unapata nyuzi 111, ambazo kwa jua ni saa 7 na dakika 20 na ushei. Serikali huzungusha hesabu hiyo ili saa ziwe kamili, na Marekani huongeza tatizo kwa kusogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ndiyo maana tofauti na Nairobi ni saa 7 kwa takriban miezi minane ya mwaka na saa 8 kwa miezi minne hivi iliyobaki. Wengi wa Eastlands huujua msimu huu kwa njia moja tu: simu ya Jumapili inakuja saa moja mapema au saa moja baadaye, na hakuna aliyewaarifu.

Kwa upande mwingine, msichana anayekwenda Riyadh husafiri kilomita 3,100, lakini saa yake ya mkononi haihitaji kuguswa, kwa kuwa Saudia na Kenya hutumia saa moja. Anaweza kuwa mbali na nyumbani kwa kila maana ya neno mbali, na bado akala chakula cha jioni saa ile ile anayokula mama yake. Neno ughaibuni, lenye asili ya kuwa mahali pasipoonekana, na neno ng'ambo, lililotaja kwanza upande wa pili wa maji, huwaweka msichana huyu na yule wa New York katika fungu moja. Majuu, neno la Sheng lililoenea katika mitaa hii, kwa kawaida huelekea Ulaya na Marekani, wala si kila mtu atakubali kuwa aliyeko Riyadh yuko majuu. Vijana wa Eastlands wanaonekana kupima jambo ambalo kilomita hazilipimi.

Usiku wa Ijumaa ni usiku upi?

Kosa linalogharimu zaidi halitokei New York. Hutokea hapa nyumbani, kabla ya safari kuanza, kwa sababu ndege nyingi za masafa marefu huondoka Nairobi usiku wa manane au karibu nao.

Chukua tiketi inayosema Ijumaa, tarehe 12, saa 00:40. Kwa Kiswahili hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku. Kijana wa Nairobi aliyezoea kalenda ya ofisini anasoma Ijumaa, anasoma usiku, na anapanga sherehe ya kuagana Ijumaa mchana. Anafika uwanjani Ijumaa saa tatu usiku, akiwa na masanduku na msafara wa watu wawili watatu. Ndege yake iliondoka zaidi ya saa 20 zilizopita. Alipaswa kufika Alhamisi jioni.

Sasa mweleze mzee wa Pumwani, mtaa wa tangu miaka ya 1920 ambao Kiswahili chake kina mizizi ya pwani na ya dini ya Kiislamu, kwamba ndege ni usiku wa Ijumaa. Mzee huyo hatakosea. Katika hesabu ya kale ya Waswahili, siku huanza magharibi, jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jioni. Ni hesabu hiyo hiyo inayofanya mwezi wa Ramadhani uanze usiku, kwa kuandama mwezi, kabla ya mfungo wa mchana. Mzee atamfikisha msafiri kwa wakati kwa kufuata desturi ambayo mjukuu wake anaiona imepitwa.

Makala haya hayapendekezi kwamba hesabu ya kale irejeshwe kwa amri. Nairobi ya leo imechanganya hesabu mbili, na watu wawili wanaotamka usiku wa Ijumaa wanaweza kuwa na usiku mbili vichwani. Njia ya kutokea ilikwisha kupatikana, nayo husikika katika taarifa za habari kila siku: usiku wa kuamkia Ijumaa. Kifungu hiki cha maneno hakina utata kwa mzee wala kwa kijana. Inashangaza kwamba hutumiwa kuripoti moto na ajali, lakini ni nadra kukiona katika ujumbe ambao wakala wa usafiri humtumia mteja.

Kosa la pili la aina hii ni la kunakili tarakimu. Mtu huona 2:00 ya usiku katika Kiingereza, naye huandika saa 2:00 usiku. Msomaji wa Kiswahili huisoma kama saa mbili usiku, yaani saa sita kabla. Atafika mapema, atalala kwenye kiti, na atasafiri. Lakini mtu huyo huyo akiona 8:00 ya usiku na kuandika saa 8:00 usiku, msomaji atafika saa nane, yaani saa sita baada ya ndege kuondoka. Kosa ni moja. La kwanza husameheka, la pili halisameheki. Walimu wanaosahihisha zoezi la tafsiri na kukata alama moja kwa kila kosa la saa wangefaa kulifikiria hilo.

Namna ya kuandika

Yanayotakikana ni machache. Saa za Kiswahili ziandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu za Kiingereza zilizovikwa neno saa mbele. Saa za usiku zifuatwe na siku mbili, ile inayokwisha na ile inayoamkiwa. Muda wa hewani utajwe kando na muda wa safari. Saa ya kufika isemwe mara mbili, ya huko na ya huku. Ujumbe wa aina hiyo kwa mtu wa Kayole ungekuwa hivi: ndege inaondoka saa sita na dakika arobaini usiku, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, fika uwanjani Alhamisi saa tatu usiku, utakuwa hewani saa kumi na tano, utatua Ijumaa asubuhi kwa saa za huko, wakati nyumbani ni Ijumaa alasiri. Ni maneno mengi kuliko ya tiketi. Hayazidi ukurasa mmoja wa simu.

Zipo nyakati ambapo hata uangalifu huu wote hautoshi, na familia hulazimika kuchagua. Mtu akifariki New York Jumatatu ya Januari saa kumi na mbili jioni, Nairobi ni saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne. Cheti cha huko kitaandikwa Jumatatu. Ndugu zake wa Jericho, walioamshwa na simu Jumanne, huenda wakaandika Jumanne katika tangazo, na mabishano ya tarehe yakazuka hata katika msalaba wa kaburi. Kwa kalenda ya serikali, cheti ndicho hushinda. Kwa hesabu ya mzee wa Pumwani hapana mabishano: jua la New York lilikwisha zama, la Nairobi lilizama zamani, na kote kuwili ulikuwa usiku wa Jumanne.